Mbegu ya Mgeni

Bua moja liligoma. Tangu asubuhi Antoni Mihayo alikuwa aking'oa mabua ya pamba pamoja na wenye shamba, na mengine yote yalitoka bila maneno, lakini hili la mwisho wa tuta lilishika ardhi kwa ubishi. Akavuta, likakataa. Akapanua miguu, akavuta kwa nguvu zote, likaachia ghafla na kumtupa chali juu ya matuta, kofia huku, kiatu kule.

Mama Kashindye, mke wa mwenye shamba, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Pole, Bwana Shamba! Pamba yako imetuzoea, haitaki kutuacha."

Mihayo naye akacheka, maana aibu ya kuanguka mbele ya watu dawa yake ni kucheka kabla wao hawajamaliza. Akajipangusa suruali, akaokota kofia. Halafu akalitazama lile bua mkononi, na kicheko kikakatika. Mzizi ulikuwa umezunguka kipande cha gogo la mnyaa, kimeoza, cheusi. Akachutama akachota udongo wa shimoni. Ulikuwa mweusi, mwepesi, na alipousogeza puani ulinuka zizi.

Sasa, mnyaa hauoti katikati ya shamba la pamba. Mnyaa ni ua. Watu wa huku huupanda kuzunguka zizi la ng'ombe, na kila aliyelelewa Usukumani anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

"Mzee Nkwabi!" aliita. "Hapa zamani palikuwa na nini?"

Mzee Nkwabi, mwenye shamba, alikuwa akirundika mabua upande wa pili tayari kwa kuyachoma, kama sheria ya pamba ilivyotaka, wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu ujao. Akaja polepole, akatazama shimo, akatazama gogo.

"Hapa? Hapa ni zizi la marehemu baba. Ng'ombe wamelala hapa miaka na miaka, kabla hatujahamia kule juu penye mawe. Kwani kuna nini?"

"Na ile nusu nyingine, mlikopanda mbegu yenu ya siku zote?"

"Kule? Kule ni shamba tu."

"Sasa, mzee wangu, kwa nini mbegu yangu mliileta huku zizini?"

Nkwabi akamtazama mkewe, mkewe akamtazama yeye, kama watu walioulizwa kwa nini wanakula kwa mkono wa kulia.

"Bwana Shamba," mzee alisema kwa upole, "mbegu yako ni mgeni. Ulitaka tumlaze wapi?"

Ilikuwa Septemba ya mwaka 1961, na hakuna mtu Mwanza nzima aliyekuwa akizungumza kitu kingine isipokuwa Uhuru wa Desemba. Mihayo mwenyewe alikuwa na sababu mbili za kuusubiri. Ya kwanza ni ya kila mtu. Ya pili ilikuwa yake, na sasa alikuwa ameishika mkononi, inanuka samadi.

Kazi aliyoifanya tangu aliporudi kutoka Makerere hata mama yake mzazi hakuwahi kuielewa. Alikuwa mtafiti katika kituo cha pamba cha serikali, kusini ya mji. "Kwa hiyo wewe unalima?" mama alimuuliza. "Silimi, mama, nawaangalia wanaolima." "Basi wewe ni nyapara." La, hakuwa nyapara. Jioni alipita kwenye matuta ya kituo akifungua maua ya pamba kabla hayajafunguka yenyewe, akiyatoa chavua kwa koleo ndogo, akiyavika vifuko vya karatasi. Asubuhi alileta chavua ya pamba nyingine akaipaka kwa brashi, akawaoza mume na mke aliowachagua yeye. Watoto wao akawapanda, akachagua walio bora, akawaoza tena. Mwaka baada ya mwaka, mgongo umeinama, jua la Usukuma liko pale pale kisogoni.

Na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo iliyomchosha akili. Pamba ikizaa vizuri, asifiwe nani: mbegu, au udongo na mvua na jembe? Mtoto wa tajiri akinenepa usikimbilie kusema ni damu ya ukoo wao. Pengine ni maziwa tu. Ukitaka kujua, mkalishe na mtoto wa maskini, wale bakuli moja, ndipo uwatazame. Hivyo ndivyo Mihayo alivyofanya maisha yake yote: kuwalisha watoto wa mbegu mbalimbali bakuli moja, kisha bakuli jingine, na kuangalia nani ananenepa wapi.

Mkuu wake, Mwingereza aitwaye Bwana Wickstead, mtu mrefu mwenye masikio yaliyobanduka ngozi kwa jua, alikuwa na msemo wake: "Mbegu inaahidi, Mihayo. Udongo ndio unaojibu." Aliusema kila wiki, wakati mwingine mara mbili.

Baada ya karibu miaka kumi walipata mbegu moja. Kituoni ilizidi ile ya zamani kidogo tu, si ya kupigia vigelegele. Lakini walipoipeleka kwenye mashamba ya watu kandokando ya ziwa, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, ilizaa mno. Msimu wa kwanza wakadhani ni bahati. Msimu wa pili ikarudia. Bwana Wickstead alizunguka meza akipiga makofi kama mtoto. "Unaona? Hii imezaliwa kwa ajili ya ziwa! Kuna kitu katika mbegu na kuna kitu katika pwani hii, na vimependana!" Wakubwa wa Dar es Salaam walipopata habari waliifurahia kupita kiasi. Walitaka igawiwe kwa wakulima wote wa ufukweni msimu huohuo, na iitwe Uhuru.

Sasa sikiliza ubaya wa jambo hili ulipokuwa. Mbegu ya pamba mkulima haiweki ndani kama mtama. Pamba yote huenda kiwandani kuchambuliwa, na mbegu hutoka huko kurudi kwa watu. Siku malori yangeanza kubeba mbegu mpya, ile ya zamani ingepelekwa kukamuliwa mafuta. Ikishaliwa chapati, ndiyo imekwenda. Kama mbegu mpya ingekuwa ya uongo, watu wa ufukwe mzima wasingekuwa na pa kurudia.

Na Bwana Wickstead alikuwa anarudi kwao Uingereza. Kiti chake alikuwa amemwandalia Mihayo, mtoto wa kwanza wa nchi kukikalia, na kiti hicho kilikuja na nyumba ya mawe yenye bomba la maji ndani. Kiti, nyumba na bomba, vyote vilisimama juu ya mbegu hii.

Kosa lilikuwa la Mihayo. Mashamba yalipokuwa mengi alishindwa kufika kila mahali kupima na kupiga vigingi. Kwa hiyo aliwapa watu mifuko miwili, wa zamani na wa mpya, akawaambia: shamba moja, nusu kwa nusu, nusu ipi ipande nini chagueni wenyewe. Alijiona mwerevu. Mmoja atachagua kulia, mwingine kushoto, mwisho wa yote mambo yatakuwa sawa. Naye ni Msukuma, mwana wa zizi, aliyemwona mama yake akilala chini ili shangazi wa mbali apate kitanda! Shule ilikuwa imemfunza mengi na kumsahaulisha hilo moja.

Mchana Mama Kashindye alileta ugali na kuku. Kiti pekee cha nyumba ile, chenye mgongo, alikalishwa Mihayo. Nkwabi alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe, magoti yakimfika kidevuni. Firigisi ilikuwa juu ya sahani ya mgeni, kama ilivyokuwa kila alipokuja. Aliitazama, na kwa mara ya kwanza aliiogopa.

"Kula, baba," Mama Kashindye alimhimiza. "Au kuku wetu ana kosa?"

"Hana kosa, mama," alisema Mihayo. "Mna ukarimu mno, ndilo kosa lenu." Wakacheka, wakidhani anatania.

Alipita mashamba mengine kwa baiskeli siku zilizofuata. Hakuuliza kwa hila. Aliuliza tu, mbegu yangu uliiweka wapi, na kwa nini. Mmoja aliiweka kwenye itongo, pale nyumba ya babu yake ilipokuwa kabla haijaanguka, mahali ambapo hata maboga yanakua bila kuombwa. Mwingine aliipalilia kwanza, kabla ya mahindi ya watoto wake, kwa sababu mgeni hutengewa kwanza. Wa tatu alikuwa ameimwagia majivu ya jikoni, na alisema hivyo kwa fahari, akitegemea kupongezwa. Mihayo alimpongeza. Angefanya nini? Kila mahali alipewa kiti, kila mahali alitiliwa maziwa ya mgando, na kila mahali moyo wake ulizidi kuzama.

Shamba la mwisho lilikuwa la Mama Wilhelmina, mjane, juu ya kilima cha kichanga chenye mawe, ambako ukitema mate yanazama kabla hujayaona. Mihayo alilikumbuka shamba hili. Kwake peke yake mbegu mpya ilikuwa imeshindwa na ya zamani, na imeshindwa vibaya, majani yamejikunja kwa sababu ya vile vijidudu vya kijani vinavyofyonza. Yeye na Bwana Wickstead walikuwa wamelitupa shamba hilo nje ya hesabu. Halikutunzwa, walisema. Walisema hivyo wakiwa wamekaa mezani, hawajamuuliza mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kiti sina, kaa juu ya jiwe hili, ni safi."

Alikaa. Akauliza swali lake. Mama Wilhelmina akashusha macho, akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu.

"Nilijua utakuja kunigombeza," alisema. "Mgeni wako nilimwaibisha. Lakini mwanangu, mimi ng'ombe sina. Zizi sina. Marehemu aliniachia mawe haya na watoto. Sikuwa na pa kumweka mgeni, nikamweka hapa nilipo mimi. Palizi nilipalilia zote sawasawa, Mungu ananiona. Wenzangu wananicheka mpaka leo kwamba kwangu mgeni amekonda."

Mashamba yote yale, na aliyemwambia ukweli ni huyu waliyemtupa. Mihayo alisimama, akainama na kumshika mkono kwa mikono yote miwili, jambo ambalo Bwana Shamba hamfanyii mkulima, na mama yule akashtuka.

"Hukuniaibisha, mama. Ni mimi niliyekuaibisha wewe. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema Mama Wilhelmina, hajui anasamehe nini. "Subiri basi nikukaangie karanga."

Nyumbani, katika nyumba za wafanyakazi wa kituo, mkewe Dorotea alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo si tabia yake. Alikuwa Mkerewe, mwepesi wa ulimi, na ile nyumba ya mawe alikuwa ameshaikalia kichwani tangu Pasaka. Kisimani alikuwa ameshatamba nayo kiasi kwamba wanawake walimwita Mama Bomba.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

"Wewe."

"Basi nyamaza."

"Dorotea."

"Nyamaza, nakwambia! Mbegu si mbaya, si umesema kituoni ilishinda?"

"Ilishinda kidogo, kwenye udongo mzuri wa kituo."

"Imeshinda, basi! Mvua zikiwa nzuri nani atajua? Antoni, mimi nimebeba ndoo tangu siku uliyonioa. Wewe hukunioa mimi, umeoa pamba, na mimi nimekubali kuwa mke mdogo. Sasa huyo mke mkubwa hawezi hata mara moja kunifaa?" Sauti ilimvunjika. Akaingia chumbani, akatoka, akaingia tena, maana nyumba ilikuwa ndogo na hakuna pa kukasirikia.

Mihayo hakumlaumu. Alikuwa na hasira zilezile, ila zake hazikuwa na mtu wa kumwangukia. Alipomaliza kunywa chai iliyopoa alimweleza habari za Mama Wilhelmina: kichanga, jiwe la kukalia, karanga. Dorotea alisimama mlangoni akisikiliza. Mama yake mwenyewe alifiwa na mumewe Ukerewe, akalea watoto kwa pamba ya shamba lisilofika hata nusu eka, na Dorotea aliijua njaa ya mwaka ambao pamba imekataa.

"Umeniambia hayo makusudi," alisema.

"Makusudi."

"Wewe ni mtu mbaya sana, Antoni." Akaenda kulala.

Asubuhi alimkuta Bwana Wickstead akifunga vitabu vyake katika masanduku. Ofisi ilinuka vumbi na dawa ya mende. Mihayo alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, kwa sababu alijua akikaa atapunguza.

Mwingereza alikaa juu ya sanduku. "Mashamba yote?"

"Yote, isipokuwa moja."

"Lipi?"

"Lile tulilolitupa."

Bwana Wickstead alifumba macho. Kisha alisimama akaipiga meza kwa kiganja, kalamu zikaruka. "Samadi! Miaka kumi, Mihayo! Nimesimama mbele ya wakubwa nikawaeleza mapenzi ya mbegu na ziwa, kumbe nilikuwa napima samadi!" Masikio yalimwiva. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Wote walifanya hivyo? Bila kupanga?"

"Nani apange, Bwana? Ni heshima."

"Heshima," alirudia yule mzungu, kama mtu anayeonja kitu. Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hiyo hawakutufundisha chuoni."

"Mimi nilifundishwa nyumbani," alisema Mihayo. "Ndiyo maana kosa ni langu."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo, akitengeneza tela la trekta.

"Unajua nikisimamisha malori watanijibu nini? Hawatakuwa na mbegu ya Uhuru. Watamleta mtu kutoka kwingine kukalia kiti hiki. Watasema wewe bado."

"Najua."

"Ungeweza kusubiri mpaka Januari. Ningekuwa nimeshaondoka."

Mihayo hakujua kama anashauriwa au anapimwa. "Januari mbegu ya zamani itakuwa imeshaliwa chapati, Bwana," alisema.

Bwana Wickstead akaondoa vitabu juu ya simu, akaiinua.

Mambo yakawa kama alivyosema. Malori yalibeba mbegu ya zamani. Ile mpya ilirudishwa ghalani kituoni, na jina la Uhuru likatafutiwa kitu kingine. Habari zikaja kwamba mkuu mpya atatoka Nairobi, mtu mwenye digrii mbili, na kwamba Bwana Mihayo ataendelea na majaribio yake kama zamani, akipenda. Kisimani wanawake walimuuliza Dorotea, "Mama Bomba, maji ya ndani yamekauka?" Alirudi na ndoo kichwani, uso umekaza, akaitua kwa kishindo mpaka nusu ikamwagika. Wiki nzima alimjibu mumewe neno moja moja. Halafu jioni moja, akipepeta dagaa, alisema bila kugeuka, "Bora ndoo kuliko machozi ya wajane." Na hakulizungumza tena jambo hilo, ila kila bei ya sabuni ilipopanda.

Mihayo alipenda kuendelea. Ndiyo shida ya kazi kama ile: ikikudanganya unaitamani zaidi. Mbegu inaweza kuwa nzuri bado. Inaweza kuwa nzuri kwenye udongo mzito wa mbuga na mbaya kwenye kichanga, au bure kabisa. Ili ajue, ilibidi aipande upya, safari hii kwenye ardhi aliyoichagua yeye, ikiwemo iliyo mbaya. Novemba, mawingu yalipoanza kukusanyika juu ya ziwa, alivuka Kamanga na mifuko yake akapita kwa wengine wote, mwishowe akaenda kwa Mzee Nkwabi.

Alimweleza. Nkwabi alisikiliza, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Nimekuelewa," alisema hatimaye. "Unataka mgeni wako nimlaze kule kilimani. Kwenye kichanga, jirani na mawe ya Wilhelmina."

"Ndiyo, mzee. Yeye na mbegu ya zamani, wote wawili. Na nani akae kulia, nani kushoto, tutarusha shilingi."

"Utarusha shilingi." Nkwabi alimgeukia mkewe. "Umesikia? Mgeni anapigiwa kamari." Akamgeukia Mihayo tena, na sasa sauti yake ilikuwa na maumivu ya kweli. "Bwana Shamba, mimi nimekukosea nini? Watu wanapita njia ile kwenda kanisani. Watasema, tazameni, Nkwabi ana zizi la baba yake, na mgeni amemtupa porini. Watasema nimekuwa bahili uzeeni. Mwombe mwingine."

"Wote wamenijibu hivyohivyo, mzee. Mama Wilhelmina peke yake ndiye aliyekubali."

"Yeye hana zizi la kumsuta."

Masomo yake yote, na hapakuwa na hata somo moja la kumjibu mzee aliyeumizwa katika ukarimu wake. Mihayo aliinamisha kichwa kwenye kile kiti chenye mgongo. Akaona kwamba hapa ndipo kazi itakapomfia, si ofisini kwa Bwana Wickstead, bali hapa uani, mbele ya kuku.

Mama Kashindye alikuwa akichambua mchicha kizingitini. Aliuliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Hivi mbegu hii imekuja kwetu misimu mingapi?"

"Miwili," alisema Mihayo. "Huu wa tatu."

"Aa." Akarusha bua la mchicha kwa kuku. "Mimi nilifunzwa kwamba mgeni siku mbili. Ya tatu anapewa nini, mume wangu?"

Ndevu za Nkwabi zikaanza kuchezacheza. Alijaribu kubaki na hasira, ikamponyoka, akacheka mpaka akakohoa.

"Jembe!" alisema, akijipiga paja. "Ya tatu mpe jembe! Ewe mwanamke. Basi huyu si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani analala popote. Wakiniuliza njiani nitawajibu hivyo. Lete hiyo shilingi yako, Bwana Shamba."

Neno lile lilitembea upesi kuliko baiskeli ya Mihayo. Alipofika kwa mwenye itongo alimkuta ameshalisikia, na yule wa majivu alikuwa ameshachagua mwenyewe mahali pabaya, akimwonyesha kwa fahari ileile. Mvua zikanyesha. Usiku bendera mpya ilipopandishwa, mjini Mwanza watu walicheza ngoma barabarani mpaka kukapambazuka. Mihayo na Dorotea walicheza nao, akalia kidogo na hakuona haya, na asubuhi alivuka na matope ya ngoma kwenye viatu kwenda kuona kama mbegu zimechipua. Zilikuwa zimechipua zote mbili, fupi, dhaifu, zinafanana.

Alirudi wakati wa palizi, mwezi Januari, baada ya kumpokea mkuu mpya na kumfungulia milango ya maghala. Usiku wa kuamkia safari hakulala vizuri. Boti ilichelewa, jua lilikuwa limeshapanda alipofika kwa Nkwabi, na nyumba ilikuwa tupu. Akapanda kilimani. Walikuwa wote huko: Nkwabi, mkewe, Mama Wilhelmina na majirani wawili, wameinama kwenye matuta ya kichanga, wanaimba kidogo na kusengenya sana.

Pamba ilikuwa imefika magotini. Vigingi vya majaribio vilikuwa mahali pake. Kutoka ukingoni mwa shamba Mihayo alitazama kulia, akatazama kushoto, akajaribu kuona nani ananenepa, na hakuona lolote. Ilikuwa mapema mno. Labda majani ya kushoto yalikuwa na kijani zaidi. Labda ni wingu lililopita.

"Shikamooni wazee wangu!"

"Marahaba!" waliitika bila kuinuka.

Alisimama, akisubiri. Hakuna aliyetumwa kuleta kiti. Hakuna aliyekwenda kukimbiza kuku wa kumchinjia. Nkwabi alimpungia mkono akaendelea kulima, na kwa muda mfupi Mihayo aliona uchungu, akadhani amewakosea tena.

Mama Kashindye alinyoosha mgongo, akaja akikanyaga kwa uangalifu kati ya mistari, akamwekea jembe mkononi. Lilikuwa zee, mpini umelainika.

"Msimu wa tatu huu," alisema. "Vua viatu."

Mihayo akavua viatu, akavua soksi akazitia ndani yake, akavipanga juu ya jiwe pamoja na kofia.

"Nianzie wapi?"

"Anzia huku kwangu," aliita Mama Wilhelmina kutoka upande wa mawe, "huku kubaya."

Akaenda huku kubaya, mchanga wa moto ukimuunguza nyayo, akainama na kuanza kupalilia.